Mcheza Kwao Hutuzwa. Na Mcheza Ugenini?

Kuna mambo ambayo mzee wa umri wangu hutarajiwa kuyapita kimya kimya akiwa ameinamisha macho. Sinema zinazohusu kumbi za wanawake wanaocheza uchi kwa malipo ni mojawapo ya mambo hayo. Rafiki zangu wawili watatu waliosikia kwamba nina nia ya kuandika juu yake walicheka, kisha wakaniuliza kama nimekosa la kuandika baada ya miaka yote ile ya kufundisha walimu. Nimelipima swali lao na kuona kuwa jibu limo ndani ya kazi yangu yenyewe. Mwalimu ni mtu anayelipwa ili atazame: atazame mtoto, atazame daftari, atazame mwalimu mwanafunzi anayesimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza huku chaki ikimtetemeka mkononi. Katika kutazama huko hujifunza upesi kwamba kuna kutazama kunakomwona mtu, na kuna kutazama kunakopita ndani yake kama kioo cha dirisha. Sinema ni sanaa ya kutazama. Basi hapana mahali pazuri zaidi pa kuipima kuliko pale ambapo kutazama kwenyewe ndiyo bidhaa inayouzwa.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na habari hizi, nieleze kwa ufupi. Katika miji ya Marekani, Kanada na Uingereza kuna kumbi zenye jukwaa, taa za rangi na aghalabu nguzo ya chuma. Mwanamke hupanda jukwaani muziki ukilia, akacheza na kuvua nguo moja baada ya nyingine, na wateja humpa noti. Mteja akitaka zaidi hulipia mchezo wa faragha, ambao hesabu yake huwa kwa wimbo mmoja mmoja. Sisi Waswahili tunalo neno zuri la kumpa mchezaji fedha hadharani: kutuza. Na tuna methali isemayo kuwa mcheza kwao hutuzwa. Lakini hawa ninaowazungumzia, hasa wale wa kwenye sinema, karibu wote hucheza ugenini. Wametoka mji mwingine, wamejipa jina jingine, na anayewatupia noti hawajui wala hataki kuwajua.

Nataka nieleweke mapema. Siitetei biashara hiyo, wala nisingependa binti wa mtu yeyote ailalie na kuiamkia. Lakini kutoipenda kazi si ruhusa ya kumdharau mfanyakazi. Ndiyo sababu nauliza sinema maswali matatu, ambayo si mageni sana kwa yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa akikagua mazoezi ya kufundisha. Je, mtu huyu ana jina, na linajulikana? Je, tunaiona kazi yake kama kazi, pamoja na mshahara, saa na uchovu wake? Na je, kamera huthubutu kugeuka ikamtazama yule anayetazama?

Tuanze mbali, mwaka 1930, kwa sinema ya Kijerumani iitwayo The Blue Angel kwa Kiingereza, iliyoongozwa na Josef von Sternberg. Kwa mwalimu yeyote ni sinema ya kutisha. Profesa Rath, mwalimu wa sekondari mwenye ukali mwingi na heshima nyingi, anawakuta wanafunzi wake na picha za mwimbaji wa kilabu aitwaye Lola Lola, ambaye Marlene Dietrich ndiye aliyemwigiza. Anakwenda kilabuni ili awakamate wanafunzi, naye anakamatwa yeye. Anafukuzwa kazi, anamwoa Lola, na baada ya miaka michache anakuwa mchekeshaji wa jukwaani anayewika kama jogoo huku mayai yakivunjwa kichwani mwake mbele ya watu wa mji wake mwenyewe. Mwisho anakimbilia darasani kwake usiku na kufa akiwa ameing'ang'ania meza ya mwalimu.

Lola havui nguo zote, na kazi yake ni kuimba. Hata hivyo ndiye bibi wa wachezaji wote waliofuata katika sinema. Kwa zaidi ya saa moja na nusu tunaombwa tumlilie mwanamume aliyepotea. Hatuulizwi Lola analipwa nini na mwenye kundi, wala alilala wapi kabla ya kilabu hiki, wala anafikiri nini juu ya mume anayekula jasho lake huku akizunguka mezani kuuza picha zake. Tunaambiwa kwamba mwanamke wa namna hii ni shimo, na mwanamume ni msafiri aliyeteleza. Mfano huo ulishika mizizi. Miaka mingi baadaye bado kuna sinema ambazo mchezaji ni shimo tu, na jina la shimo halina maana.

Mfano wa pili ni ule wa mchezaji kama pambo la ukutani. Katika Beverly Hills Cop ya 1984, askari wawili wa kule Beverly Hills wanapelekwa na mwenzao wa Detroit kwenye ukumbi wa aina hiyo, na hapo wanazuia wizi wa kutumia silaha. Mtazamaji hucheka, na kicheko chenyewe ni halali, kwani Eddie Murphy anajua kazi yake. Lakini wanawake walio jukwaani wana uzito ule ule wa taa na meza. Sinema nyingi za polisi na majambazi zimefanya hivyo hivyo: wanaume wanazungumza habari za maana, na nyuma yao kuna mwili unaozunguka ili mtazamaji asichoke na mazungumzo. Jibu la swali langu la kwanza hapo ni fupi. Hana jina.

Afadhali kidogo ni The Graduate ya Mike Nichols, ya mwaka 1967. Kijana Benjamin anamchukua Elaine matembezini bila kupenda, na kwa makusudi kabisa anampeleka kwenye ukumbi wa wachezaji ili amdhalilishe. Mchezaji anakuja nyuma ya Elaine na kuzungusha vishada vya nguo yake juu ya kichwa chake. Machozi yanamtoka Elaine, Benjamin anaona haya, na kamera inawafuata wote wawili nje. Tunamhurumia Elaine, na ni haki. Lakini hebu tusimame kidogo mlangoni. Huyo mwingine aliyebaki ndani, je, hakutumiwa kama fimbo ya kumchapia mwenzake? Nichols hakumuuliza. Miaka 37 baadaye alimrudia mwanamke wa aina hiyo hiyo na kumuuliza, na nitafika huko.

Kabla ya hapo kulikuja miaka ya katikati ya tisini, Hollywood ilipoona kuwa jambo hili linaweza kubeba sinema nzima. Showgirls ya Paul Verhoeven ilitoka 1995, ikawekwa katika daraja la sinema ambazo vijana hawaruhusiwi kabisa kuingia. Striptease ya Andrew Bergman ilifuata mwaka 1996, na iliripotiwa kuwa Demi Moore alilipwa dola milioni 12.5 ili kuigiza ndani yake, kiasi ambacho hakuna mwigizaji wa kike aliyekuwa amekipata kwa sinema moja kabla yake. Wakosoaji walizichana zote mbili. Verhoeven alikwenda mwenyewe kupokea tuzo ya dhihaka ya mwongozaji mbaya kuliko wote wa mwaka, jambo ambalo watu wengi hawana ujasiri wa kulifanya.

Mimi sizilaumu kwa uchi wake. Nazilaumu kwa unafiki wake. Fikiria kisa cha Striptease. Erin Grant amepoteza kazi yake katika ofisi ya FBI kwa sababu ya makosa ya mume wake wa zamani, ambaye ni mwizi. Hakimu anamkabidhi mwizi yule mtoto kwa kuwa mama hana kazi. Mama anakwenda kucheza uchi ili apate fedha za kukata rufani. Hapa pana kisa cha kweli, tena kizito: mahakama inamnyang'anya mwanamke mtoto kwa umaskini, kisha itamhukumu kwa njia aliyoitumia kutoka katika umaskini huo. Mwongozaji angekaa hapo hapo, tungekuwa na sinema ya kukumbukwa. Badala yake anatukimbiza kwa mbunge mlevi wa tamaa anayejipaka Vaseline mwili mzima, na kila dakika kadhaa kisa kinasimama ili tumtazame Bibi Moore akicheza. Sinema inasema, angalieni jinsi wanaume hawa walivyo wajinga kwa kukodoa macho; papo hapo inatukatia tiketi ya kukodoa macho. Mchungaji anayehubiri dhidi ya pombe huku akigawa vikombe mlangoni hana haki ya kushangaa waumini wakilewa.

Showgirls nayo inampeleka Nomi Malone katika jiji la Las Vegas kwa lifti ya gari barabarani, na kumwondoa kwa lifti ile ile ya dereva yule yule. Sinema nzima haituambii ni nani anayemngoja popote. Wapo watu wazima leo wanaosema kuwa Verhoeven alikuwa anaikejeli Marekani na uroho wake. Yamkini ni kweli. Lakini kejeli inayohitaji miaka 20 ili ieleweke imemwacha mwanamke huyo uchi kwa miaka 20 akichekwa, na mwigizaji kijana, Elizabeth Berkley, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya aibu ya kazi ambayo wakubwa waliiandika na kuiongoza.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo sinema hulikwepa kuliko yote: kazi. Wengi hudhani kwamba wanawake hawa hulipwa na ukumbi. Katika kumbi nyingi za Marekani mambo ni kinyume. Mchezaji huhesabiwa kuwa mtu anayejiajiri, na yeye ndiye anayeulipa ukumbi ada ya kuingia kazini. Baada ya hapo humkatia fungu meneja, mpiga muziki na walinzi wa mlangoni. Usiku mbaya anaweza kurudi nyumbani akiwa na deni. Hana likizo ya ugonjwa, hana bima, na akivunjika mguu jukwaani hasara ni yake.

Si kwamba wenyewe wamekaa kimya. Mwaka 1996 wachezaji wa ukumbi uitwao Lusty Lady mjini San Francisco walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba wateja waliwapiga picha kwa siri, na kwamba wachezaji weusi walipewa zamu chache. Mwaka 2003 wafanyakazi waliununua ukumbi na kuuendesha kama ushirika hadi ulipofungwa 2013. Mwaka 2023 wenzao wa ukumbi wa Star Garden mjini Los Angeles walijiunga na Actors' Equity, chama cha waigizaji wa jukwaani kilichokuwapo tangu 1913. Angalia basi: mwaka ule ule wa 1996, Hollywood ilipokuwa ikimwonyesha Demi Moore, wanawake halisi wa kazi hiyo walikuwa wakibishana na mwajiri juu ya zamu na mikataba. Kisa chao kilifanyiwa sinema ya kumbukumbu mwaka 2000, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa waongozaji wake. Kwa studio kubwa mkataba wa kazi haukuwa mchezo wa kutosha.

Ndiyo maana naipa heshima Hustlers ya Lorene Scafaria, ya mwaka 2019, iliyotokana na makala ya kweli ya gazeti iliyoandikwa na Jessica Pressler. Mapema kabisa tunamwona Destiny akihesabu mapato yake ya usiku, akikata fungu la huyu na la yule, hadi zinabaki fedha chache tu. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne, lakini inaeleza zaidi kuliko hotuba. Kisha kuna tukio ambalo ningelionyesha katika chuo chochote cha ualimu kama adabu ingeruhusu: Ramona, mchezaji mzoefu anayeigizwa na Jennifer Lopez, anamfundisha Destiny kupanda nguzo. Anaonyesha, anataja jina la kila mkao, anamwacha mwanafunzi ajaribu, anamrekebisha. Ghafla mtazamaji anaona kumbe huu ni ufundi, una hatua zake na una maumivu yake. Baada ya mdororo wa fedha wa 2008 wanawake hao wanaanza kuwalewesha wateja kwa dawa na kutumia kadi zao za benki. Mwongozaji hauoshi uovu huo; anatuonyesha pia mteja asiye tajiri ambaye maisha yake yanaharibika. Anawaona kama watu, na mtu anaweza kuwa mkosaji bila kuwa shimo.

The Wrestler ya Darren Aronofsky, ya mwaka 2008, inakwenda mbali zaidi kwa njia ya utulivu. Randy ni mpiga mieleka aliyezeeka, na Cassidy, anayeigizwa na Marisa Tomei, ni mchezaji ambaye vijana wanamcheka kuwa amepitwa na umri. Wote wawili wanauza mwili, wote wawili wanafanya kazi kwa jina la bandia. Cassidy ni Pam, mama wa mtoto wa kiume. Randy naye jina alilopewa na wazazi ni Robin. Kwa kuwaweka bega kwa bega, mwongozaji anatuuliza swali zito: kwa nini tunamshangilia mwanamume anayejikata paji la uso kwa wembe ili tuone damu, na kumdharau mwanamke anayevua nguo? Sijapata jibu zuri la swali hilo isipokuwa mazoea.

Mazoea hayo yanaonekana pia katika Magic Mike ya Steven Soderbergh, ya mwaka 2012, ambamo wanaovua nguo ni wanaume. Channing Tatum aliwahi kuifanya kazi hiyo kweli alipokuwa kijana huko Florida. Mike anataka kutengeneza samani, anakwenda benki na kitita cha fedha, ananyimwa mkopo. Ana mpango, ana ucheshi, ana kesho. Hakuna anayemfanya kuwa mfano wa kuanguka kwa taifa. Naipenda sinema hiyo, lakini kila ninapoiwaza nakumbuka ni wanawake wangapi wa sinema hizi waliopewa kitu cha kutengeneza.

Nilimwahidi msomaji kwamba tutamrudia Mike Nichols. Katika Closer ya 2004, iliyotokana na tamthilia ya Patrick Marber, Natalie Portman ni Alice, msichana wa Kimarekani aliyeko London. Daktari mmoja, Larry, aliyeumizwa na mapenzi, anamkuta akicheza ukumbini. Anamlipa noti baada ya noti amwambie jina lake la kweli. Msichana anamwambia ni Jane. Larry anakasirika, anadhani anadanganywa. Mwisho wa sinema, katika uwanja wa ndege, tunaiona pasipoti yake: ni Jane. Alimwambia kweli, mwanamume akaikataa, kwa sababu alikwisha kuamua kwamba mwanamke wa mahali hapo hawezi kusema kweli. Sijui tukio jingine la sinema linalojibu maswali yangu yote matatu kwa pigo moja. Jina lipo, kazi ipo, na kamera imemgeukia mnunuzi ikamwacha uchi yeye.

Mwongozaji wa Kanada, Atom Egoyan, alikuwa amefanya jambo la namna hiyo mwaka 1994 katika Exotica. Kwa muda mrefu tunamshuku Francis, mkaguzi wa kodi anayekuja usiku baada ya usiku kumtazama Christina akicheza katika sare ya shule. Tunamwita mchafu mioyoni mwetu. Polepole tunajua kwamba binti wa Francis aliuawa, na kwamba Christina ndiye aliyekuwa akimlea mtoto huyo wazazi wakitoka. Hawa ni watu wawili wenye msiba mmoja, waliokosa mahali pengine pa kuomboleza. Sisemi kwamba kila mteja ana msiba. Nasema kwamba Egoyan alituchelewesha kuhukumu, na kumchelewesha mtu kuhukumu ni nusu ya elimu.

Mwaka 2024 Sean Baker alitoa Anora, iliyopata tuzo kuu ya Cannes mwaka huo na tuzo 5 za Oscar mwaka 2025, pamoja na ile ya sinema bora. Nusu saa yake ya kwanza ni bora kuliko nyingi nilizoziona: wanawake wanakula chakula cha kopo la plastiki chumba cha nyuma, wanagombana, wanacheka, na Ani anamkumbusha meneja kwamba asiyempa bima ya afya wala mafao ya uzeeni hana mamlaka ya kumpangia saa. Kisha anaolewa na kijana wa tajiri wa Kirusi, na wazazi wa kijana wanatuma watu kuivunja ndoa. Yeye hujiita Ani. Mmoja wa watu hao waliotumwa anamwambia kuwa Anora ni jina zuri zaidi. Tena jina. Nina lawama moja: wenzake wa kazini wanatoweka mapema, na familia yake tunaiona kwa mbali mno. Baker amemtoa ukumbini, lakini hakumpeleka kwao. Anamalizia analia ndani ya gari, theluji ikianguka nje, mahali ambapo si kwa mtu yeyote.

Msomaji ataniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa huku, ambao kumbi hizo tunaziona kwa sinema tu? Yanatuhusu kwa sababu hiyo hasa. Wengi wetu tunachokijua juu ya mwanamke anayecheza kwa malipo tumekipata kwenye kanda za video za miaka ile na kwenye simu za vijana leo, kisha tunakichukua kama kipimo hadi kwa mnenguaji wa bendi ya dansi wa mtaani kwetu, ambaye ana nguo zake mwilini, ana mama yake, na pengine anasomesha wadogo zake. Akipigwa njiani usiku, wapo wanaosema aliyataka. Maneno hayo hayakuzaliwa mitaani peke yake. Yamelelewa na hadithi ambazo zilituonyesha mwili na kutuficha mtu.

Sishauri sinema hizi zichomwe, wala kwamba kila mtu azitazame. Mzazi anajua nyumba yake. Nashauri anayetazama awe na maswali yake mkononi. Na mwongozaji anayenitaka nimlilie mwanamke huyu aanze kwa kuniambia anaitwa nani, na nani anamngoja nyumbani taa za ukumbi zikizimwa.